Shauri la Ramani Mbele ya Timazi

Pagale, yaani nyumba iliyosimamishwa kuta na kuachwa kabla ya kuezekwa, ni jengo la kawaida kandokando ya barabara inayounganisha Korogwe na Handeni, na wapitao hudhani kwamba fedha za mwenyewe ndizo zilizokwisha. Mazungumzo yafuatayo, yaliyofanyika katika pagale moja pembezoni mwa mji wa Korogwe, yanadokeza kwamba upungufu huweza kuanza kabla ya tofali la kwanza. Mlalamikaji alikuwa Mchwa, aliyefika mjini ndani ya mzigo wa mbao kutoka Handeni, naye aliomba ruhusa ya kumla Ramani; mlalamikiwa alikuwa Ramani mwenyewe, karatasi iliyosahauliwa kwenye dirisha lisilo na fremu; shahidi alikuwa Mzee Mlingoti, shina la mkonge lililowahi kuwa nguzo ya kibanda cha saruji; na mwenyekiti alikuwa Timazi, kile kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwa uzi ili kupima wima wa ukuta, ambaye alichaguliwa kwa kuwa hajawahi kuegemea upande wowote. Kanuni ya baraza ilimtaka kila msemaji ajitaje kwa jina lake.

TIMAZI: Baraza limefunguliwa. Bwana Mchwa aeleze dai lake, na akumbuke kwamba njaa peke yake si hoja ya kisheria.

MCHWA: Mheshimiwa Mwenyekiti, Mchwa hana uadui na Bi Ramani, bali anamshukuru. Nyumba inayosimamiwa na mbunifu majengo, yaani mtaalamu aliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ya mwaka 2010, kwa kawaida huwekewa dawa ya mchwa ardhini kabla ya kumwagwa jamvi, ambalo ni zege la sakafu ya chini; katika nyumba hii dawa hiyo haikutajwa popote, na Mchwa amepanda kutoka msingini hadi kwenye mbao za lenta bila kupiga hodi. Anachoomba ni kumla rafiki yake kabla mvua za vuli hazijamharibia ladha.

RAMANI: Ni aibu kwa Ramani kuzungumziwa kama mboga ilhali ana nasaba. Alizaliwa Dar es Salaam kwa ajili ya kiwanja kilicho karibu na bahari, familia ya watu wawili na gari moja. Akanakiliwa kwa binamu wa mwenye kiwanja, akapita katika duka la steshenari, na leo ni nakala ya nakala, ambayo mwenye pagale hili aliipata kwa bei isiyofikia ya soda. Aliyeokoa fedha kiasi hicho anastahili pongezi.

TIMAZI: Pongezi zitafuata baada ya vipimo. Bi Ramani alizaliwa na ukubwa gani?

RAMANI: Alichorwa kwenye karatasi ya A3 kwa uwiano wa moja kwa mia, maana yake sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya ardhi. Dukani akapunguzwa hadi A4 ili aingie kwenye bahasha, na kwa kuwa tarakimu za vipimo zilikuwa zimefifia, fundi alitumia rula.

TIMAZI: Karatasi ya A3 ikipunguzwa kuwa A4, kila mstari hubaki na takriban asilimia 71 ya urefu wake, kwa hiyo chumba kilichokusudiwa kuwa na upana wa mita 4 kilisomwa na rula kuwa mita 2.8, na choo cha mita 1.5 kikawa cha mita moja na kidogo. Timazi aliteremshwa katika kila kona ya choo hicho na kuthibitisha kwamba kuta zake zimenyooka kabisa, ingawa unyofu huo haumsaidii mtu ambaye akikaa hawezi kufunga mlango. Na mshale wa kaskazini uko wapi?

RAMANI: Ulikuwa ukingoni, mashine iliukata.

TIMAZI: Korogwe iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, mahali ambapo jua la mchana hupita karibu na utosi, lakini asubuhi huzipiga kuta za mashariki na jioni za magharibi, ndiyo sababu mbunifu aliyekanyaga kiwanja huelekeza kuta ndefu na madirisha makubwa kaskazini na kusini, na upande wa magharibi akauachia stoo na bafu. Sebule ya nyumba hii inatazama machweo, kwa sababu mwenye nyumba aliigeuza itazame barabara.

MCHWA: Mchwa aruhusiwe kuongeza suala la paa, ingawa halimpunguzii chakula. Bi Ramani ana paa lililofichwa, yaani bati lenye mteremko mdogo lililozungushiwa ukuta ili nyumba ionekane haina paa. Huko Handeni, ambako kwa miongo mingi maji yamesukumwa kwa bomba kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe na hayamfikii kila mtu, paa ni chanzo cha maji: bati la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 1,200, ambazo ni madumu 60 ya lita 20, kabla ya kuhesabu yanayopotea. Paa lililofichwa nalo laweza kujaza tangi, mradi mifereji yake ya ndani ipangwe na kusafishwa. Isipopangwa, maji yaleyale hushukia sebuleni.

RAMANI: Bwana Mchwa anazungumza kama mtaalamu, ilhali ukoo wake haujawahi kumlipa mbunifu.

MCHWA: Ni kweli, na kichuguu chake kinapumua. Mbunifu Mick Pearce alijifunza kutokana na vichuguu alipobuni jengo la Eastgate mjini Harare, lililokamilika mwaka 1996, ambalo hupozwa kwa kiasi kikubwa na mzunguko wa hewa wenyewe. Wajenzi wa kichuguu ni wakazi wake, wanaoziba na kutoboa kila siku kulingana na haja. Hakuna kichuguu cha Handeni kilichonakiliwa kutoka kiwanja cha Dar es Salaam.

TIMAZI: Mzee Mlingoti atoe ushahidi.

MLINGOTI: Shikamoo, baraza, ingawa kwa umri Mlingoti ndiye aliyestahili kuamkiwa. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kwa miche iliyotoka Florida, na mashamba yalipoenea katika mkoa huu yalijengewa kambi za manamba, yaani vibarua wa mkataba walioitwa kwa namba zao, ambao walilala katika safu za vyumba vilivyofanana bila yeyote kuulizwa ana watoto wangapi. Katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji, yaani kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja, iliwapanga watu kwa mistari, Handeni ikiwamo. Kuanzia mwaka 2022, huko Msomera wilayani Handeni, serikali ilijenga nyumba za vyumba vitatu kwa ramani moja kwa ajili ya familia zilizohamia kutoka Ngorongoro, ilhali kwa desturi ya Wamaasai kila mke huwa na nyumba yake ndani ya boma, na mchoro mmoja hauwezi kujua kama boma ni la mke mmoja au la wake wanne. Kinachomshangaza Mlingoti ni kwamba mwenye pagale hili hakulazimishwa na mwenye shamba wala operesheni. Alijihamishia kambini kwa nauli yake mwenyewe.

RAMANI: Je, nyumba za zamani zilikuwa na wabunifu?

MLINGOTI: Zilikuwa na maswali. Nyumba ya Kiswahili, ile yenye ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, baraza mbele na uani nyuma, ilipimwa ardhini kwa hatua za miguu, fundi akiuliza bibi atalala chumba kipi, mpangaji ataingilia wapi, na siku ya msiba watu watakaa wapi. Jiko lilikuwa uani kwa sababu kuni zina moshi. Bi Ramani amempa jiko la gesi katikati ya nyumba mtu anayepikia mkaa, na gereji mtu mwenye bodaboda.

RAMANI: Basi na wabunifu nao wasimamishwe kizimbani! Wapo wasiofika kiwanjani, na wapo wanaouza mchoro mmoja kwa wateja watatu baada ya kubadilisha nguzo za mbele tu.

TIMAZI: Hoja hiyo imepokelewa: muhuri wa mbunifu hauulizi maswali, na mteja anayeonyesha picha kwenye simu na kusema anataka kama ya fulani hamsaidii mwenye muhuri kuuliza. Kazi ya mbunifu ina hatua. Kwanza ni maelezo ya mahitaji, ambamo mwenye nyumba hutaja watakaoishi humo, magoti ya mama yake yasiyopenda ngazi, na kiasi halisi cha fedha alichonacho, hata kama anakionea haya. Kisha mbunifu huenda kiwanjani kutazama mteremko na udongo, kwa kuwa udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na msingi hufuata mwendo huo. Hufuata mchoro wa awali, ambao kuufuta hugharimu kifutio, halafu michoro kamili, hesabu za mkadiriaji majenzi, ambaye kazi yake ni kukokotoa vifaa na gharama, na kibali cha ujenzi cha halmashauri. Zaidi ya yote, mtu anayejenga kwa awamu, kama wajengavyo wengi hapa, huchorewa nyumba ya awamu: vyumba viwili na choo vinavyoweza kuezekwa na kukaliwa kwanza, huku vingine vikisubiri. Bi Ramani anadai paa zima kwa siku moja, na ndiyo maana hana hata bati moja.

Baada ya kushauriana na uzi wake, Timazi alitoa hukumu kwamba ombi la Mchwa limekataliwa, kwa kuwa kosa lilikwisha kuhamia kwenye kuta na karatasi ikiliwa ushahidi utapotea, mwenye nyumba aendelee kulaumu bei ya bati. Iliamuriwa pia aitwe mbunifu wa kupima kilichopo na kuamua ukuta upi ubaki na upi ubomolewe, akianzia chooni.

RAMANI: Baraza lisamehe, lakini nakala nyingine ilitolewa jana, ikapelekwa Handeni kwa basi kama zawadi kwa shemeji wa mwenye nyumba. Ilipunguzwa hadi A5 ili ikae mfukoni.

TIMAZI: Hapo mstari umebaki nusu ya ule wa A3. Chumba cha mita 4 kitakuwa na mita 2, na katika choo cha sentimita 75 mtu ataingia kinyumenyume. Msingi umekwisha kuchimbwa?

RAMANI: Mafundi wameahidi Jumatatu.

Baraza lilipoahirishwa, Mchwa alibaki nyuma kuuliza kama gharama za shauri zinajumuisha nauli ya mlalamikaji ya kurudi kwao.