Makuti ya Suffolk

Aliyeandika kwenye tangazo kwamba kijiji hiki ni "tulivu" hajawahi kulala hapa hata usiku mmoja. Njiwa pori wanaanza kabla jua halijachomoza. Wakinyamaza, mkulima anawasha mzinga wake wa gesi, mtambo unaolipuka wenyewe katikati ya shamba ili njiwa wakimbie, nao wanakimbilia kwangu. Oktoba mosi unafunguliwa msimu wa kuwinda fezanti, na hadi Februari mosi bunduki zinalia kama kuna mtu anapinduliwa. Agosti kombaini zinavuna ngano usiku kucha zikiikimbiza mvua. Juu ya yote hayo zinapita ndege za kivita za Wamarekani kutoka kambi ya Lakenheath, na daima zinapita wakati nimeinua kikombe. Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga, ukuta kwa ukuta na fundi wa kuchomelea. Kelele nazijua.

Mama watoto, ambaye ndiye aliyetaka tutoke London, anasema hizi si kelele, ni sauti za asili. Nilimwuliza F-15 ni ya asili ya wapi. Akaendelea kumenya viazi.

Kununua nyumba kwenyewe kulinitoa jasho. Kwetu mnakutana na muuzaji, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mashahidi, mnatia saini, mnakunywa soda, jioni mtu ana kiwanja chake. (Kwamba baada ya muda wanatokea wengine wawili wenye karatasi za kiwanja hicho hicho ni habari nyingine.) Hapa England unataja bei, muuzaji anaikubali, anakupa mkono, anakuchekea, na hamjakubaliana kitu. Mpaka mawakili wabadilishane mikataba, yeyote kati yenu anaweza kugeuka akaenda zake bila kumlipa mwenzake senti. Na muuzaji wangu hakuweza kuhama mpaka anunue kwingine, huko kwingine nako kulikuwa na bibi aliyekuwa akisubiri nyumba ya huko Cornwall, na bibi naye alikuwa hajaamua. Sikuwahi kumwona bibi huyo, lakini hakuna mgonjwa wa ukoo wetu niliyemwombea dua kama yeye.

Wakati tunamsubiri, wakili akaniuliza kama ningependa kulipia uchunguzi wa madhabahu. Nikadhani simu ina matatizo. Kumbe kwa sheria iliyotoka zama za kati kuna ardhi ambayo mwenye nayo, awe nani, anawajibika kuikarabati ile sehemu ya kanisa la kijiji yenye madhabahu. Akanitajia Aston Cantlow, kijiji cha Warwickshire, ambako mume na mke wenye shamba walidaiwa na kanisa, wakapinga hadi kwenye Baraza la Malodi, na mwaka 2003 wakashindwa. Bili ya matengenezo ilikuja kuzidi pauni 180,000. Tangu Oktoba 2013 mzigo wa namna hiyo unatakiwa uandikwe kwenye daftari la ardhi ndipo umbane mnunuzi mpya, lakini mawakili ni watu wa kuogopa, na woga wao unalipiwa na mteja. Kwa hiyo mimi, mtoto wa madrasa, nikakata bima ya madhabahu ya Kianglikana. Naomba ustadhi wangu asilione gazeti hili.

Kanisa halijanidai kitu. Limeridhika kunipigia kengele. Kuna jioni ya mazoezi kila wiki, na zipo siku wapigaji wanaamua kupiga mzunguko kamili, zaidi ya mipangilio 5,000 bila kurudia hata mmoja, kazi ya muda wa saa tatu hivi. Hawarudii, nakubali. Mimi ndiye siwezi kutofautisha.

Dalali alisema pia kwamba kijiji kina kila kitu, na alisema kweli kwa namna yake. Kuna Posta ya Zamani, Shule ya Zamani, Tanuri la Mkate la Zamani na Kwa Mhunzi Zamani. Zote ni nyumba za watu. Ukitaka stempu utamkuta bwana mmoja amejilaza sofani mahali palipokuwa na kaunta. Kibanda chekundu cha simu kipo, kimejaa riwaya za upelelezi za kuazima. Kampuni ya simu huviuzia vijiji vibanda vya aina hiyo kwa pauni moja. Mkate wenyewe uko mjini, na njia ya kwenda mjini ina upana wa gari moja na nusu. Mkikutana, mmoja anarudi kinyumenyume hadi penye nafasi. Tangu nihamie hapa sijawahi kukutana na huyo mmoja. Huwa ni mimi.

Mjomba wangu wa Pangani alitumiwa picha ya nyumba na wanangu, kisha akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hilo lililo juu ya nyumba ni nini?"

"Matete, mjomba. Yameezekwa na fundi."

"Makuti."

"Yanafanana na makuti."

"Mpwa wangu, mimi niliuza ng'ombe ili niondoe makuti niweke bati. Wewe umepanda ndege."

Nikamweleza kwamba kwa wenzetu hawa paa la nyasi ni la wenye nazo. Bima yake iko juu, bomba la moshi lisiposafishwa kampuni haikulipi, mgongo wa paa unafumwa upya kila baada ya miaka kumi hadi kumi na mitano, na matete mengi yanaagizwa kutoka nchi za nje kama Uturuki. Akanyamaza kidogo, akahamia jikoni.

"Na moto? Si mna gesi ya bomba huko?"

"Bomba halijafika kijijini. Nyumba inapashwa joto kwa mafuta ya taa."

"Mafuta ya taa."

"Ndiyo, mjomba. Lori halileti chini ya lita 500."

"Na choo?"

Hapo nilitamani mtandao ukatike. Bomba la maji taka nalo halijafika. Tuna tangi chini ya bustani, gari linakuja kulinyonya, na kabla ya kununua ilibidi tuthibitishe kwamba halimwagi kwenye kijito, maana tangu 2020 hilo limekatazwa.

"Mpwa," akasema kwa upole kabisa, "rudi nyumbani. Hayo yote tunayo."

Sikumwambia lililobaki, kwamba hata hivyo vitu vyenyewe sina mamlaka navyo. Nyumba imo kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria, Daraja la Pili, kwa hiyo kubadili kitu kinachogusa historia yake bila idhini ya halmashauri ni jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka miwili. Darini kuna popo. Popo wa nchi hii wanalindwa na sheria, na makao yao yanalindwa hata wakiwa wamesafiri. Yaani mimi nikisafiri natafuta mtu wa kunilindia nyumba, popo akisafiri analindiwa na serikali. Nyuma ya jikoni inapita njia ya umma ya waenda kwa miguu, iliyochorwa kwenye ramani rasmi ya haki za njia, nami siruhusiwi kuiziba. Jumapili nimekaa na kanzu yangu na kashata, na watu nisiowajua wanapita katikati ya bustani wakiwa na mabuti, fimbo na mbwa. Wanasalimia vizuri. Mbwa wao mmoja ananijua kuliko majirani.

Kodi ya halmashauri nayo inakwenda kwa thamani ambayo nyumba ingekuwa nayo tarehe 1 Aprili 1991. Siku hiyo nilikuwa navaa kaptula.

Na jina? Nyumba haina namba, ina jina la ua ambalo haliko bustanini, lakini hata hilo hakuna anayelitumia. Kijiji kizima kinaiita kwa jina la bibi mwingine, aliyeishi humo kabla ya muuzaji wangu. Nikijitambulisha wananiuliza, "Ah, wewe ndiye unayekaa kwa Bibi?" kana kwamba nimepanga chumba cha uani na marehemu yuko jikoni.

Sasa tuna suala la dirisha. Dirisha la chumbani limeoza ubao wa chini, kioo chake ni kimoja chembamba, na upepo wa Bahari ya Kaskazini unaingia bila hodi. Nilitaka kuweka la vioo viwili. Nikajaza fomu, nikaambatanisha michoro na maelezo ya umuhimu wa kihistoria wa dirisha ambalo mvua inapita ndani yake. Baraza la kijiji likapewa nafasi ya kutoa maoni, na majirani pia. Mzee wa upande wa pili, mtu mwema sana, aliniletea jamu ya matunda na kunihakikishia kwamba yuko upande wangu, kisha akaiandikia halmashauri barua ndefu kueleza jinsi Bibi alivyolipenda dirisha lile.

Lengo la kisheria ni wiki nane kupata jibu. Zilishapita. Afisa wa urithi alikuja, akaligusa dirisha kwa kidole, akasema ni zuri mno, akaondoka. Upande wa kitanda ulio karibu nalo ni wa mama watoto, yule mpenda asili. Juzi usiku ilinyesha, akahamia upande wangu na mto wake na bila maelezo yoyote, na mimi nikaandika barua pepe kwa halmashauri nikiwa sakafuni.