Jigso Iliyoamka Usiku

Umeme ulikatika magharibi, Kaka akiwa katikati ya pindo gumu. Alikuwa anachonga kichwa cha kitanda cha arusi ya Dada, mbao za mninga za inchi moja, kwa jigso aliyoinunua Kariakoo: ile mashine ya mkono yenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka, inayokata mapindo ambayo msumeno wa kawaida hauyawezi. Mashine ikanyamaza. Kaka akaitoa kwenye ubao, akaiacha juu ya meza kubwa ambayo Mama hukatia nguo, akaenda kuoga awahi msikiti. Plagi ilibaki ukutani. Na kando ya swichi ya jigso kuna kitufe kidogo. Ukikibonyeza mashine ikiwa kazini, swichi inabaki imeshikwa hata ukiondoa kidole. Kitufe hicho kilikuwa ndani.

Usiku wa giza, watu wazima wa kwetu Mchukwi huhamia barazani. Mjomba alikuwa amekuja kutoka Nyamisati, anakotengeneza vyombo vya baharini, na mazungumzo yalikuwa marefu. Watoto walishalazwa mkekani, chini ya ile meza, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya chumba isiyokuwa na mbao.

Umeme ukarudi.

Kwanza tulisikia mngurumo, kisha kishindo. Jigso ilikuwa inaruka juu ya meza peke yake. Bledi haikuwa na ubao wa kuuma, kwa hiyo kila iliposhuka iligonga meza na kuirusha mashine nzima. Ikalifikia gauni la bibi arusi, satini nyeupe ambayo Mama alikuwa hajamaliza kuitia pindo, ikaikamata, ikaipasua, ikaendelea nayo hadi ukingoni na kudondoka.

Kaka, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia, aliinua mikono aidake. Mama akamshika bega na kumvuta nyuma, akaenda moja kwa moja ukutani, akazima soketi. Kimya. Jigso ilikuwa inaning'inia kwa waya wake, satini imeizunguka, na ncha ya bledi haikufika shubiri moja kutoka bega la mtoto wa mwisho. Mtoto akafumbua macho, akaomba maji.

Hakuna aliyelala mapema usiku ule. Dada alilia kwa ajili ya gauni, Kaka alilia kwa ajili ya mtoto, na Mjomba alirudia dua moja mara nyingi. Mama alikaa na ile mashine mapajani, plagi imechomolewa, akaipandisha na kuishusha bledi yake kwa kidole kama anayepima sindano. Mwishowe akasema, "Mwanangu, hii ni cherehani. Mbona hukuniambia?"

Mama alisema kweli zaidi ya alivyojua. Jigso ilizaliwa Uswisi. Mwaka 1946, Albert Kaufmann, mhandisi wa kampuni ya Scintilla mjini Solothurn, alichomoa sindano kwenye cherehani ya mkewe na kuweka kipande cha msumeno mahali pake. Miaka minane baadaye kampuni hiyo ikaingia mikononi mwa Bosch. Mashine ya Kaka huweza kufikia mapigo 3,000 hivi kwa dakika, lakini mwendo ni uleule wa juu na chini, na mtu aliyeshona tangu usichana ana mengi ya kuifundisha.

Kazi ilipoanza tena, Mama alivuta kigoda akakaa. Sharti la kwanza halikuwa la kujadili: umeme ukikatika, plagi inachomolewa kabla ya mtu kuinuka, na kile kitufe hakiguswi kabisa ndani ya nyumba hii. Kubadilisha bledi, plagi nje. Watoto kulala chini ya meza, basi.

Kisha akauliza meno ya bledi yanatazama wapi. Yanatazama juu, Kaka akajibu, kwa hiyo inakata inapopanda, na inamenya uso wa juu wa ubao. "Basi geuza ubao. Mimi nachora upande wa ndani wa kitambaa." Kaka akageuza, uso mzuri ukawa chini, ukatoka safi. Mama akamwambia pia unyayo wa mashine ulale sawasawa na kukandamiza ubao, la sivyo itarukaruka. Asiisukume, kwa sababu anayevuta kitambaa huvunja sindano. Na bledi isitolewe kwenye mkato kabla haijasimama. Waya upite begani, uwe nyuma ya mkono daima.

Mambo ya mti yenyewe yalikuwa ya Mjomba. Aliinama, akachungulia chini ya ubao, akaona mkato umepotea njia: juu umefuata mchoro, chini umekwenda kwingine. Mninga wa inchi moja ukiulazimisha kwa bledi nyembamba, bledi inapinda ndani kwa ndani. Akataka bledi pana yenye meno makubwa, mwendo wa taratibu, na ubao ubanwe kwa jiliwa. Kwa matundu ya ndani ya nakshi alitoa keekee yake, akatoboa tundu la kupitishia bledi.

Kilichomuudhi zaidi kilikuwa mchoro wa maua. Kwao Nyamisati wanapojenga chombo, mataruma, yaani mbavu zake, hutafutwa kwenye mlilana, mti wa mikoko, uliopinda wenyewe, nyuzi za mti zifuate pindo. Jigso inakata pindo kwenye ubao ulionyooka, na pale nyuzi zinapokatwa fupi, shingo ya ua inavunjika kwa kuegemewa tu. Kaka akanenepesha shingo zote. Mimi naamini ushauri huo ndio uliokiokoa kitanda.

Waya uliovutwa na uzito wa jigso ulikuwa umechubuka shingoni. Kaka alitaka kuuzungushia selotepu, Mama akakataa, fundi umeme akaweka waya mpya mzima. Tangu hapo, kila kazi ikiisha, vumbi linatolewa kwa brashi kwenye matundu ya hewa, na kigurudumu kinachoegemeza bledi kwa nyuma kinapewa tone la mafuta ya cherehani. Cheche zilipozidi ndani ya mota, zilikuwa kabuni zimeisha. Zikabadilishwa zote mbili pamoja. Vumbi la mninga huwasha pua na macho, kwa hiyo Kaka anavaa miwani na barakoa, hata Mama akilalamika kwamba hamsikii.

Gauni lilipunguzwa pindo na kuongezwa lesi. Kitanda kilifunguliwa, kikapakiwa kwenye Fuso, kikavuka Daraja la Mkapa kwenda Muhoro. Siku chache baada ya arusi Dada akapiga simu: jirani yake anataka kichwa cha kitanda kama kile, Kaka aseme bei. Kaka akafungua mdomo kujibu.

"Ngoja kwanza," Mama akamwambia. "Muulize anataka mti gani, na unene wake inchi ngapi."