Jinsi ya Kufurahia Riwaya Ambayo Mhusika Wake Humpendi

1. Acha ushenga. Wengi wetu tukishika riwaya tunaanza kupeleleza: kijana ana adabu? Anasalimia wakubwa? Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974, anaanguka mapema. Msomi wa chuo kikuu, kiburi kimemjaa, na anapotaka kumlipiza kisasi hasimu wake, Manase, anamlenga dada wa Manase, Sabina. Sawa. Hujaombwa kumwozesha binti yako. Msikilize tu.

2. Msengenye. Hapa ndipo penye utamu wote, kwa hiyo usione haya. Chukua penseli, andika pembeni: "Muongo huyu!" Kumbuka Kazimoto anajisimulia mwenyewe, na anayejisimulia huvutia kwake. Akitaja kosa la mwenzake, angalia ametumia maneno mangapi. Akifika kwenye lake, angalia tena. Ukimnasa, mcheke kwa sauti. Kumsema mtu wa kitabuni hakuvunji undugu.

3. Akikuchosha kabisa, hamia kwa mwingine. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maksuudi ni mheshimiwa huko nje, huku nyumbani amewafungia ndani mkewe Tamima na binti yao Maimuna. Tamima anashikwa na uchungu wa uzazi. Mume hataki Bi Farashuu, anayeweza kumzalisha, akanyage nyumbani kwake. Basi mwache Maksuudi na ukali wake, shikamana na Biti Kocho, mtumishi, anayemleta Bi Farashuu hivyo hivyo. Mimi nampenda Biti Kocho kuliko mashujaa wengi waliopambwa kurasa mia tatu.

4. Chungulia mwisho. Walimu watakukataza, usiwasikilize. Kazimoto anajiua. Ukishajua hilo hungojei tena atengenee, na kila dharau anayomtupia mtu unaiona inakompeleka.

5. Utafika mahali ujione wewe. Itakuuma. Haraka sema ni shemeji yako, ndivyo hasa alivyo, kisha funua ukurasa. Usiku, wenzako wakilala, rudi pale pale usome polepole. Hakuna atakayejua, na riwaya hizi ziliandikwa kwa ajili ya kurasa kama hizo.

6. Ukikutana na mtu anayempenda Kazimoto, usimbishie kabla hajakuonyesha ukurasa. Akiuonyesha, mwagizie chai, mkae.