Musawo, maliza sentensi

Ala! Kiingereza cha musawo, yaani mganga wa hospitali, kitatumaliza hapa Kyarumba, wilayani Kasese, Uganda, kabla ya malaria. Steji nzima ya boda boda imesimamisha kazi kwa ubishi mmoja: mtu akiambiwa yeye ni pozitivu, apige vigelegele au aandike wosia?

Msicheke. Jumapili mhubiri kamwambia kijana awe na fikra pozitivu, kaitikia amina. Jumatatu kapima damu, kaambiwa yu pozitivu, magoti yakamlegea. Nyoo! Neno gani hili, kanisani baraka, maabarani msiba? Maabara haina habari na baraka zako. Imetafuta kitu fulani. Ikikiona inasema pozitivu, isipokiona inasema negativu.

Yupo na aliyechangia damu, kadi ikaandikwa O negativu, akanuna kutwa. Damu ya kutafutwa kwa tochi, inayoweza kuokoa karibu kila majeruhi! Hiyo negativu yasema tu kwamba damu yake haina kichembe cha Rhesus, basi.

Linalonisonyesha hasa ni negativu ya ugonjwa, watu wanavyodhani imemaliza mambo. Sisi wa Kasese tunajua Ebola si mzaha. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliyevuka kutoka Kongo alipokelewa hospitali ya Kagando, akahamishiwa Bwera, Ebola ikamuua. Nyanya yake akafuata. Agosti mwaka uleule msichana wa miaka tisa akagunduliwa mpakani Mpondwe, naye akafia Bwera. Sasa sikia: damu ya mshukiwa wa Ebola ikichukuliwa kabla hajamaliza siku tatu tangu augue, negativu yake haimfungulii mlango wa kwenda nyumbani. Hupimwa tena, kwa kuwa virusi huenda bado ni vichache mno kuonekana. Na virusi vya Ukimwi vilevile: aliyeambukizwa juzi anaweza kupewa negativu leo, akaitembeza mtaani kama cheti cha ubatizo. Mmh! Na wapo wanaoionyesha kwa mpenzi mpya huku tarehe yake ni ya mwaka jana.

Basi musawo, tunakuheshimu, lakini usitutupie neno moja dirishani ukaita mgonjwa mwingine. Tuambie ni pozitivu ya nini, na kama ni negativu, turudi kupima lini. Nawe ndugu yangu, usiondoke pale dirishani kabla hujajibiwa, hata foleni ikipiga kelele.