Uso wa Baada ya Ndafu

Jumapili moja ya Desemba, mwandishi wa makala haya alijitazama kwenye kioo cha bafuni kwake Soweto, Moshi, akamkuta mtu asiyemfahamu. Mashavu yameumuka kama andazi lililozidishiwa hamira. Macho yanaonekana kwa kubahatisha.

Chanzo hakikuhitaji mpelelezi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mtaa ulikuwa umemuaga binti wa jirani anayeolewa, na kwa Wachaga shughuli kama hiyo bila ndafu ni kikao tu: mbuzi mzima aliyechomwa, kasimamishwa mezani na majani mdomoni, akikatwa kwa heshima ambayo kwingine hupewa keki. Mwandishi alikula, tena kwa chumvi ya pembeni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Hizo ziliisha kabla ya hotuba ya mjomba wa bibi harusi. Kisha ikaja pombe ya mbege.

Sasa saa nne asubuhi alitakiwa Machame, kwenye kipaimara, akiwa msimamizi. Msimamizi hupigwa picha.

Bahati ikawa kwamba mpwa wake alishafika kwa basi kutoka Dar es Salaam kula Krismasi, na mkobani alikuwa na rola ya uso, kijiwe cha kijani kinachozunguka kwenye mpini. Mwandishi aliwahi kumsikia akisema hufanya kazi vizuri ikiwa ya baridi. Usiku ule, kwa akili ya mbege, alikuwa ameitoa kwenye friji alikoiweka mpwa na kuihamishia kwenye friza, katikati ya perege wa Bwawa la Nyumba ya Mungu.

Asubuhi akaichomoa, uso ukiwa mbichi kwa maji. Jiwe likagusa shavu la kulia, likakataa kuondoka.

Alilibandua kwa maji ya uvuguvugu, akinong'ona maneno yasiyomfaa msimamizi wa kipaimara. Kisha akaanza kusukuma kwa nguvu zote, kwenda na kurudi, hadi mpwa akatokea mlangoni.

"Shikamoo mjomba. Hiyo ni chapati au ni uso?"

"Marahaba. Kwa sasa ni chapati."

Mpwa akamnyang'anya rola, akaiosha kwa sabuni (harufu ya perege ilishafika sebuleni) na kutoa somo. Mtu akilala, maji ya mwilini hutulia usoni, hasa chini ya macho ambako ngozi ni nyembamba, na chumvi huyazidisha. Limfu, inayorudisha maji hayo kwenye damu, haina moyo wa kuisukuma kama damu ilivyo nao. Mishipa yake midogo iko karibu tu na uso wa ngozi, hivyo hutaka mguso mwepesi, kutoka puani kwenda masikioni, halafu shingoni kushuka chini. Ukikandamiza, unaichosha ngozi bure. Penye chunusi mbichi, usipite.

Na kwa siku ni mara ngapi? Mwandishi alikuwa amepanga tano. Mpwa akasema moja, asubuhi, dakika tatu hadi tano. Anayependa aongeze ya jioni. Zaidi ya hapo ni mazoezi ya mkono. Mwaka 2018 watafiti wa Japani walichapisha vipimo vya watu waliopitisha rola shavuni kwa dakika 5: damu iliongeza mwendo, na hali hiyo ikadumu walau dakika 10 baadaye. Lakini hiyo ni damu, si uvimbe. Uvimbe hupungua kwa saa chache, na hurudi siku ya ndafu nyingine.

Jirani mmoja, mgumu anayebeba mizigo ya watalii kuelekea kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895, alipita getini akacheka sana. Kule juu, alisema, nyuso za namna hiyo ni za kila asubuhi, na hakuna aliyekunywa mbege. Uso ukivimba peke yake, safari huendelea. Ukija na maumivu makali ya kichwa, kutapika au kukosa pumzi hata mtu akiwa amekaa, anateremshwa, awe amelipa dola ngapi. Huku chini nako, uso unaovimba kila siku pamoja na miguu, au mkojo wenye povu jingi, si kazi ya rola. Mwenye hayo aende kwa daktari, akapimwe figo.

Kufika saa nne kule Machame, uso ulikuwa umeshuka. Mpwa anaisifu rola. Mwandishi anadhani ni kule kusimama wima tangu alfajiri, ambako nako hushusha maji, tena bila gharama. Kwenye picha ya kipaimara uvimbe hauonekani kabisa. Kinachoonekana ni alama nyekundu shavu la kulia, ukubwa wa yai la kwale.