Ardhi Unayo, Kujenga Huruhusiwi

Baba Mdogo na wote hapo Kolo,

Mmeuliza kwa nini miaka yote hii Uingereza sijanunua hata ekari moja nikajenga kama watu. Ekari inanunulika. Kujenga ndiyo kesi.

Mzee ninayemfanyia kazi shambani ana ardhi ya babu yake, macho yanachoka kabla haijaisha. Kijana wake anaoa, anataka kajumba karibu na zizi. Hawezi! Tangu sheria ya 1947, ardhi ni yako lakini kuijenga mpaka halmashauri ikubali, na mashambani ndiko wanakobana zaidi, eti mandhari yasiharibike. Unachora ramani, unalipa ada, tangazo linabandikwa kwenye nguzo, kisha kwa siku 21 kila apitaye na mbwa wake ana haki ya kukupinga. Mtu asiyewahi kukusalimia anaandika kurasa tatu kuhusu dirisha lako. Kwetu mpingaji angalau husimama mkutanoni tukamwona sura.

Mzee akasema basi, tugeuze banda la zamani liwe nyumba. Akaja mtaalamu wakati wa magharibi, akaketi na daftari kuhesabu popo wanaotoka darini. Msicheke, analipwa! Popo huku wana sheria yao, ukiwabughudhi unashtakiwa. Shangazi na ule ufagio wake asije kabisa.

Mkulima mmoja wa Surrey, Robert Fidler, alijiona mjanja. Alijenga kasri lenye minara, akalificha nyuma ya marobota ya majani makavu, akaishi humo na familia. Wakati ule nyumba ikitimiza miaka minne bila kuguswa, ilikuwa imepona. 2006 akaondoa majani. Akaambiwa kuyaondoa ni sehemu ya ujenzi, kwa hiyo nyumba ilikuwa bado haijakamilika, na miaka haijaanza kuhesabiwa! Mahakama ikakubali. 2016 kasri likabomolewa.

Kwa hiyo nataka kile kiwanja alichoniachia Babu. Mwoneni Mtendaji, halmashauri ya kijiji ikae, muhtasari uandikwe, nipate hati ya kimila. Ila mhakikishe mpaka hausogelei miamba ya michoro. UNESCO waliiorodhesha 2006, na Idara ya Mambo ya Kale wana ofisi hapo hapo Kolo. Sitaki wa daftari wa pili.

Pesa ya msingi naituma kwa Shangazi. Baba Mdogo, usinune, lile suala la pesa ya bati bado hatujalimaliza.