Elki Hasomi Ramani

Jimbo la Colorado lina elki, wale kulungu wakubwa, wengi kuliko jimbo jingine lolote la Marekani, na misitu ya taifa, kama White River, iko wazi kwa kila mwenye kibali cha kuwinda. Shida ni kwamba kila mwenye kibali ana simu, na simu zote zina ramani ileile. Bonde la siri lililogunduliwa usiku wa manane basi huwa limejaa magari Septemba kama penye harusi. Huu ndio msimu wa madume kulia wakiita majike, na baadhi ya milio hiyo ni ya wawindaji wa upinde wenye vipenga, wanaonyemeleana kwa heshima kubwa.

Elki wenyewe hupanda mbali na barabara, au huruka ua wakatulia kwenye ranchi ya mtu, mahali mishale isipokaribishwa. Washauri husisitiza kutembea mbali. Hawataji kwamba nyama ya dume mmoja, kilo 90 hivi, hurudi mgongoni, tena kwa awamu. Tangu 2025, asiye mkazi hupata kibali cha upinde kwa kura katika sehemu kubwa ya jimbo. Ramani ataendelea kuisoma bure.